Kwenu Sita Tatu Mnafanyaje?

 Wewe uliye Njombe mjini, umejitanda blanketi hadi mabegani. Wewe wa Makambako unayenisikiliza kwenye redio ya gari. Na ninyi wa Ludewa, Makete na Wanging'ombe mnaonisikiliza. Sogeeni karibu, leo nimekuja na ugomvi.

Jioni moja ya mwezi wa Julai nilikuwa stendi ya Makambako nasubiri gari la kwenda Njombe. Safari yenyewe ni kama kilometa 60 tu, lakini gari lisipojaa haliondoki, na baridi ya Julai huku kwetu unaijua. Nikajibanza kwenye kibanda cha chai. Ndani watu walikuwa wameizunguka meza, na juu ya meza pana ubao wa ludo uliofunikwa kioo na kuzungushiwa fremu ya mbao, rangi zake zimeanza kufifia. Wachezaji walikuwa wanne. Njano alikuwa mzee mmoja fundi viatu. Nyekundu alikuwa kijana wa bodaboda. Kijani alikuwa mama mwenye kibanda, anacheza huku anageuza maandazi kwenye karai. Buluu alikuwa mgeni, utingo wa lori lililotoka upande wa Tunduma. Dereva wake alikuwa amelala garini.

Utingo akatikisa kikombe, dadu ikadondoka: sita. Akarusha tena: sita. Akarusha ya tatu, dadu ikazunguka, ikagonga fremu, ikatulia. Sita! Kibanda kizima kikapiga kelele. Utingo akapiga hesabu kwa macho, akaona hatua kumi na nane zinamfikisha juu kabisa ya kete nyekundu iliyokuwa imebakiza hatua chache kuingia nyumbani. Akanyoosha mkono. Kijana wa bodaboda akaweka kiganja chake juu ya kioo.

"Zimeungua hizo."

"Zimeungua nini? Nimepiga sita tatu!"

"Ndiyo maana zimeungua. Sita tatu mfululizo, zamu yako imekwisha."

"Kwetu haziungui. Kwetu unatembea zote, halafu unarusha tena."

"Hapa si kwenu."

Neno hilo la mwisho ndilo lililochafua hewa. Utingo akasimama, kijana naye akasimama. Mzee fundi viatu akachukua kile kikombe taratibu, akaifunika dadu. Akasema, "Kaeni chini, wanangu. Dadu haina kosa. Sisi ndio tulikaa bila kuulizana."

Konda akaniita, gari limejaa. Nikaondoka bila kujua nani alishinda. Lakini maneno ya yule mzee nilisafiri nayo hadi Njombe, na mpaka leo sijayashusha.

Msikilizaji, utazame vizuri ubao wa ludo siku ukiuona. Ni njia panda. Mikono minne inakutana katikati, na kila kona kuna nyumba. Sasa utazame mji wa Makambako. Mkono mmoja unakwenda Iringa na Dar es Salaam, mmoja unakwenda Mbeya hadi mpakani, mmoja unashuka Njombe na Songea. Na wa nne ni reli ya TAZARA, inayopanda kutoka Mlimba kwa madaraja na mahandaki, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Mtu akikwambia ludo ilibuniwa na mwenyeji wa Makambako, unaweza ukamwamini!

Lakini ilianzia mbali. Babu yake ludo yuko India. Huko kuna mchezo uitwao chaupar, na neno nne limo ndani ya jina lenyewe. Ubao wake ni kitambaa kilichoshonwa umbo la msalaba. Ukimaliza kucheza unakikunja, unakitia kwapani, unakwenda zako. Ndugu yake ni pachisi, na pachisi maana yake ni ishirini na tano, kwa sababu hiyo ndiyo namba kubwa kabisa ambayo mtu aliweza kuipata kwa mrusho mmoja. Ishirini na tano kwa dadu gani? Hawakutumia dadu. Walirusha makombe madogo ya baharini, wakahesabu mangapi yameangukia mgongo na mangapi kifudifudi.

Makombe hayo pwani yetu wanayaita kauri, au simbi. Wanayaita pia kete. Umesikia? Kete! Neno hilohilo tunalolitumia kwa kitu tunachokisogeza ubaoni, kwenye bao, kwenye drafti na kwenye ludo. Kete ile kule India ilikuwa ndiyo inayorushwa, huku kwetu ndiyo inayotembea. Na katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa wakizisomba kete za bahari yetu kutoka Zanzibar hadi Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Kwa hiyo kete imepata kuwa pesa, imepata kuwa kura, na leo ni kipande cha plastiki kinachokimbizwa na kijana wa bodaboda.

Na neno dadu? Hilo limetoka kwa Wareno, kama yalivyotoka kwao maneno karata, kopa na shupaza. Mabaharia hao waliondoka, wakatuachia msamiati wa mezani.

Wafalme nao waliucheza mchezo wa pachisi. Akbar, mfalme mkuu wa India aliyetawala kuanzia mwaka 1556 hadi 1605, alijenga mji wa Fatehpur Sikri, na uani mwa jumba lake kuna ubao wa mchezo huo uliochorwa kwa mawe sakafuni. Inasimuliwa kwamba mfalme alikaa katikati, na badala ya kete walitembea watumishi waliovaa nguo za rangi. Fikiria wewe ndiye kete. Umetembea tangu asubuhi, umekaribia kufika, mtu anarusha, unaambiwa rudi mwanzo!

Baadaye Waingereza wakauchukua mchezo huo. Wakaondoa makombe, wakaweka dadu moja ya pande sita na kikombe cha kuitikisia, wakapunguza masharti ili hata mtoto aelewe. Mwaka 1896 ukasajiliwa Uingereza kwa jina la Kilatini, ludo, yaani ninacheza. Mwaka huohuo wa 1896 ndipo vibarua kutoka India walipoanza kushuka Mombasa kujenga reli ya Uganda. Wahindi walikuwa wanakuja na mchezo wa Kihindi ulikuwa unakuja, lakini jina tulilolishika sisi ni lile la London. Jina la kitu mara nyingi hukuonyesha mlango kilioingilia.

Wajerumani nao wana wao. Mtu mmoja wa München, Josef Schmidt, alianza kuutengeneza kwa wingi mwaka 1914, akauita kwa jina ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema: bwana wee, usikasirike. Vita Kuu ilipoanza, akapeleka seti 3,000 kwenye hospitali za wanajeshi majeruhi, na kuanzia hapo mchezo ukaenea. Katika vita hiyohiyo, mwaka 1916, Wajerumani na Waingereza walipigana hapahapa kwetu, Lupembe na Ilembule, na babu zetu wakabebeshwa mizigo ya watu waliokwisha kukasirika.

Haya. Tuje kwenye mchezo wenyewe, maana najua kuna mtu anasema ludo ni bahati tupu, mchezo wa akili ni bao. Namheshimu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, halina dadu, na ukifungwa umefungwa na kichwa cha mwenzio. Lakini kwa sababu hiyohiyo, kaa na bingwa wa bao mara kumi, utafungwa mara kumi, na ya kumi na moja hutakaa. Ludo inamruhusu mtoto wa darasa la pili amfunge bibi yake, na bibi amfunge ofisa wa halmashauri. Dadu humpa mnyonge nafasi ya kukaa meza moja na mwenye nguvu. Hilo ni jambo kubwa katika mji ambao nusu ya waliokaa mezani wamekutana leo.

Hata hivyo bahati yenyewe ina hesabu. Ichukue dadu, igeuze. Moja iko mgongoni mwa sita, mbili mgongoni mwa tano, tatu mgongoni mwa nne. Kila pande mbili zinazopeana mgongo jumla yake ni saba. Dadu iliyotengenezwa sawasawa inaipa kila namba nafasi moja kati ya sita. Haijui kabila lako, haijui una njaa. Unamwona mtu amerusha mara kumi hajapata sita ya kumtoa nyumbani, anasema nimelogwa. Hajalogwa. Wakikaa watu mia wakarusha mara kumi kila mmoja, kwa wastani kama kumi na sita kati yao hawataiona sita hata moja. Na zile sita tatu mfululizo za utingo wetu? Nafasi yake ni moja kati ya 216. Ni nadra, lakini kwenye kibanda kinachocheza kila jioni, zitakuja tu.

Sasa dadu ikishatoa namba, kazi yake imekwisha. Ya kwako ndiyo inaanza. Njia ya kuzunguka ubao ina vijumba 52, kama wiki za mwaka. Kete ikishatoka inatembea hatua 56 mpaka nyumbani, na unazo nne. Umepata tano: unasogeza ipi? Ile ya mbele ili iwahi, au ile ya nyuma iliyo hatarini? Kete yako ikiwa imeitangulia ya adui kwa hatua kati ya moja na sita, ana nafasi moja kati ya sita ya kukula kwa mrusho mmoja. Ukiwa na maadui wawili nyuma yako, kila mmoja kwa umbali wake, hatari inakuwa karibu mara mbili. Lakini ukikimbia ukamwacha zaidi ya hatua sita, itambidi apate sita kwanza, kisha namba kamili juu yake, na hiyo kwa umbali wa hatua saba hadi kumi na moja ni moja kati ya 36. Mchezaji mzuri utamwona anakaa kimya kidogo kabla ya kusogeza. Anapima umbali. Mchezaji mbaya anasogeza kete anayoipenda, akiliwa analaumu dadu.

Kwa hiyo kuna bahati, na kuna uamuzi. Wengi tunaishia hapo. Yule mzee wa Makambako alikuwa anazungumzia jambo la tatu, lililo kabla ya hayo mawili: masharti. Sita tatu zinaungua au haziungui? Kete mbili za rangi moja zikikaa kijumba kimoja, zinafunga njia au hazifungi? Ukimla mwenzio, unarusha tena au zamu imepita? Lazima upate namba kamili kuingia nyumbani, au hata ikizidi unaingia? Kila kijiwe kina majibu yake. Na kila kijiwe kinaamini majibu yake ndiyo ludo, mengine ni wizi.

Masharti yana uzito kuliko ubao. Huko Iraki, kwenye makaburi ya mji wa kale wa Uru, ule anaotajwa nao Abrahamu, wachimbuaji wa miaka ya 1920 walikuta mbao za mchezo wa kukimbizana zenye umri wa miaka kama 4,500. Nzuri ajabu, zimenakshiwa kwa kombe na mawe ya thamani. Lakini zilipotoka ardhini hakuna aliyejua namna ya kuzichezea. Ilibidi mtaalamu wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, Irving Finkel, asome kibao cha udongo kilichoandikwa Babeli mwaka 177 kabla ya Kristo, ambamo mwandishi mmoja alikuwa ameyaeleza masharti ya mchezo wa namna hiyo. Mpaka hapo, ubao ulikuwa pambo tu.

Na kwenye utenzi mkuu wa Wahindi, Mahabharata, mfalme Yudhishthira anakaa kwenye dadu na mjomba mjanja wa mahasimu wake. Anapoteza mali, anapoteza ufalme, anawaweka rehani ndugu zake anawapoteza, anajiweka mwenyewe anajipoteza. Mwisho anamweka mkewe Draupadi, naye anapotea. Mama huyo anapoburutwa hadi barazani hailaumu dadu. Anawauliza wazee swali moja: mume wangu alipojipoteza yeye kwanza, alibaki na haki gani ya kuniweka mimi? Ni swali la masharti, msikilizaji. Na baraza la wenye hekima lilishindwa kumpa jibu moja.

Ndiyo maana pesa ikikaa mezani mambo hubadilika. Nchini kwetu kuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na bodi yake ya kuisimamia. Ludo ya kupitisha jioni ni mchezo. Ludo ya kuweka elfu kumi kumi mezani ni jambo lingine, na bahati mbaya wanaoanza na soda ndio haohao wanaofika kwenye elfu kumi.

Sasa nakuja nyumbani kabisa. Mkulima wa viazi wa Uwemba analima, anapanda, anapalilia. Mvua ikichelewa, hiyo ni dadu. Baridi ya usiku mmoja ikaunguza majani, hiyo ni dadu. Bei ikishuka Dar es Salaam siku mzigo wake unapoingia, hata hiyo tuiite dadu. Lakini mnunuzi anafika shambani, wanakubaliana bei ya gunia. Wakati wa kufungasha, gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezwa shada juu na kushonwa kwa kamba, limekuwa gunia na nusu. Lumbesa. Bei ni ileile. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wapo. Lakini lori limeshawasha injini, na viazi vimeshachimbwa. Jioni mkulima anafika nyumbani, anamwambia mkewe: mwaka huu sikuwa na bahati.

Baba, hiyo haikuwa bahati. Kete yako ilikuwa imebakiza hatua mbili kufika, mtu akabadilisha mchezo.

Au huyu kijana wa bodaboda. Amepewa pikipiki ya mkataba. Kila siku anapeleka hesabu kwa bosi, mpaka mwezi fulani pikipiki iwe yake. Mkono kwa mkono, wamepeana tabasamu. Hakuna aliyeuliza: siku pikipiki iko kwa fundi, hesabu ipo au haipo? Nikiugua je? Tairi likiisha nani ananunua? Kijana aliona ni aibu kuuliza, asije akaonekana mkorofi kabla hajaanza kazi. Mwezi wa tisa tairi limekwisha, na ugomvi ndio umeanza. Kila mmoja anaapa kwamba mwenzake ni mwizi. Pengine hakuna mwizi. Kila mmoja amekuja na ludo ya kijiwe chake.

Vijana mtaniambia: sisi tunacheza kwenye simu, huko hakuna ugomvi. Kweli. Ile programu maarufu ya Ludo King ilitoka Mumbai mwaka 2016, na mwaka 2020, watu walipofungiwa ndani kwa sababu ya korona, ilipata wachezaji wengi kupita kiasi. Mchezo umezunguka ubao wote, umerudi nyumbani India. Simu inarusha dadu, inahesabu, inasogeza. Sita ya tatu ikiungua, imeungua, huna wa kubishana naye. Mimi napata wasiwasi kidogo. Masharti ya simu yamepangwa na mtu aliyeko mbali, wewe unabonyeza kukubali. Kwenye ubao wa mbao unalazimika kumtazama mgeni usoni na kumuuliza. Kile kipaji cha kuuliza kabla, bila kugombana na bila kuona haya, simu haikufundishi.

Wiki tatu baadaye nilipita tena Makambako. Mvua ya manyunyu, gari halijajaa, kibanda kilekile. Utingo hakuwepo, bila shaka alikuwa ameshafika Dar na kurudi mara kadhaa. Mzee alikuwepo. Nikasema, "Shikamoo, mzee." Akasema, "Marahaba, kaa, kuna nafasi ya buluu." Nikakaa. Nikanyoosha mkono kuchukua kikombe.

Yule kijana wa bodaboda, yuleyule wa "hapa si kwenu," akakivuta kikombe upande wake kwanza.

"Samahani, kaka. Kabla hatujaanza. Kwenu sita tatu mnafanyaje?"

Nikamwambia kwetu zinaungua. Na kete mbili pamoja? Zinafunga njia. Mama mwenye kibanda akasema kwao hazifungi. Tukajadiliana, tukakubaliana leo zifunge. Ilichukua muda wa kumimina chai. Ndipo akanisogezea kikombe.

Nikatikisa kwa mbwembwe zote, nikarusha. Nikapata moja. Hakuna aliyebisha.